Kago la Bwana Wangu

Fenesi si tunda la kuibwa kimyakimya. Likikomaa linapita kilo kumi, likiiva harufu yake inafika barabarani, na anayelikata bila kupaka mafuta mikononi anarudi kwao na utomvu ambao sabuni haiuwezi. Ndiyo maana tulipoanza kuibiwa sikwenda kwa mjumbe wala polisi. Nilikwenda dukani kwa Mangi nikamuuliza ni nani siku hizi ananunua mafuta ya kula ya kupimiwa kabla jua halijatoka. Mangi akacheka mpaka akashika kaunta. "Mama, nikianza kukutajia wateja wangu, kesho nafunga duka."

Tunakaa Tanga, mtaa ambao sitautaja kwa kuwa bado tunawahitaji majirani. Nyuma ya nyumba kuna uwanja aliotuachia marehemu baba mkwe: mifenesi miwili, mstafeli, minazi, migomba ya mzuzu inayokunywa maji ya bafuni, na matuta yangu ya mchicha, matembele na bamia. Miaka yote watu wamekuwa wakiingia na kutoka humo. Mtoto akiokota stafeli lililodondoka, au mjamzito akituma mtu amletee kipande cha fenesi, nani atauita huo wizi?

Mambo yaliharibika mwezi wa Shaabani. Mwezi huo kila nyumba ya pwani inawaza futari, na mzuzu wa nazi ndio bibi harusi wa futari, kwa hiyo bei yake inaanza kupanda hata kabla mwezi haujaandama. Tulikuwa na mkungu mmoja wa kupigia picha. Tuliuangalia asubuhi na jioni. Siku moja tukaamka tukakuta kisiki chenye maji, na mwizi alikuwa amekata na majani yetu ya mgomba ya kuufunikia mzigo wake. Mkungu uliniuma. Majani yaliniudhi.

Bwana wangu ni mstaafu wa bandari. Mwanamume aliyestaafu akiwa bado na nguvu ni hatari kwa nyumba, na huyu wangu alikuwa ameshamaliza kurekebisha kila bawaba, kila bomba na kila kiti. Aliutazama ule mgomba uliokatwa, nikamwona amepata kazi.

Alianza na ukuta. Akaokota chupa, akazivunja, akavipanga vigae juu kwa saruji, na juu ya vigae akapitisha seng'enge. Wa kwanza kunaswa alikuwa yeye mwenyewe, Ijumaa, akiwa na kanzu iliyopigwa pasi, akionyesha wenzake wa baraza jinsi mtu asivyoweza kupita hapo. Mwizi yeye alikuja na gunia. Akalikunja, akalitandika juu ya vigae na seng'enge, akapita salama, akaondoka na bamia, na gunia akatuachia. Nalitumia mpaka leo kuwekea mkaa.

Baraza la kahawa likakaa kikao. Mmoja akasema ukuta ni mambo ya mjini, dawa ni ua wa mkonge. Sisi wa Tanga mkonge hatuuonei shaka. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapita Hamburg, na iliyofika huku ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Hiyo 62 ndiyo iliyozaa mashamba yote ambayo babu zetu walikatia katani. Mmea wa roho ngumu namna hiyo, bwana wangu akasema, mwizi wa bamia atauweza? Akapanda. Ukashika vizuri mno, ukafunga kijia cha kwenda kwenye kamba ya kuanikia nguo, na miiba yake ya nchani ikatoboa kanga zangu mbili, pamoja na ile ya "Hasidi hana sababu" niliyokuwa nimeianika makusudi, maandishi yakitazama upande wa jirani ninayemshuku. Jirani naye akaanika ya kwake: "Wema hauozi." Yake haikutobolewa na kitu.

Penye mapengo ya mkonge akajazia minyaa, kwa kuwa mnyaa haugharimu kitu: unakata tawi, unachomeka, linashika. Alikuwa akipunguza matawi kwa panga pale tone la utomvu liliporuka likamwingia jichoni. Yowe alilopiga lilileta mtaa mzima, na mtaa mzima ulikuja na dawa moja: maziwa ya mama anayenyonyesha. Mama mkwe alishaanza kuita kwa sauti majina ya wazazi wapya wa mtaani. Mimi nilimkalisha mgonjwa kwenye kigoda nikamwagia jicho maji ya bombani, jagi baada ya jagi, naye akinilaani. Hospitali walituambia hilo ndilo la kufanya, maji safi mengi na upesi, wakampa dawa ya matone. Kwa siku kadhaa alilinda bustani kwa jicho moja, na mwizi alizitumia siku hizo vizuri.

Kisha akaleta mbwa.

Hapa ieleweke kwamba mama mkwe anaishi nasi, na sisi ni watu wa madhehebu ya Shafii. Chombo akikiramba mbwa kinaoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Bwana wangu alijitetea kwamba mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba ameruhusiwa. "Shamba liko wapi?" mama mkwe akauliza, akageuza kichwa polepole kutazama matuta ya mchicha. "Mwanangu, hilo unaliita shamba?" Tangu siku hiyo kukawa na ndoo ya udongo karibu na karo la kuoshea vyombo, na kila sufuria iliyokaa nje bila mtu kuiona ilioshwa mara saba kwa tahadhari. Bili ya maji ikapanda. Mbwa mwenyewe aliitwa Simba. Alimbwekea muuza maji, akambwekea imamu, akanibwekea mimi kila nilipokwenda kuanua nguo. Mwizi hakumbwekea, kwa sababu mwizi alikuja na vichwa vya dagaa. Asubuhi tulimkuta Simba amelala fofofo juu ya gunia jipya.

Ushauri mwingine nauruka upesi. Shemeji yangu, fundi umeme, alisema tupitishe waya wenye umeme kwenye seng'enge. Nikamwambia kwa mwizi wa bamia sisi hatuui mtu, na chai akainywa haraka akaondoka. Mzee mmoja wa baraza alitaka isomwe Halbadiri, yatajwe majina ya mashujaa wa Badri, mwizi apatikane na lake. Mama mkwe akakataa hapohapo. "Ukisoma Halbadiri mtaa huu, Idi tutasali peke yetu."

Nami sikuwa na amani kwa sababu nyingine, ambayo sikumwambia bwana wangu. Usiku mmoja nilitoka uani nikamwona mwizi. Alikuwa juu ya mfenesi, mtoto wa umri wa darasa la sita, kaptura ya shule, kisu kimeng'atwa mdomoni. Pumzi ilinijaa kifuani na neno lilikuwa tayari ulimini. Lakini mjini kwetu neno "mwizi" likipigwa usiku halirudishwi. Watu hutoka na mawe na marungu kabla hawajauliza kilichoibwa, na kesho yake gazeti linaandika "wananchi wenye hasira kali", watu ambao hawana majina wala hawafikishwi mahakamani. Nikakohoa. Mtoto akaruka chini, akapita juu ya ukuta sijui kwa njia gani, akaacha kandambili moja. Nikaificha chini ya sinia.

Kwa hiyo bwana wangu aliposema sasa anaweka kago, nilimwunga mkono kuliko alivyotarajia.

Alikulia Pangani. Mjomba wake alikuwa na mdanzi kando ya njia ya kwendea kisimani, na kwenye mdanzi ule ilining'inia chupa yenye maji mekundu. Watoto walipita hapo wakikimbia, na hata danzi lililoanguka lilioza palepale. Watu walisema ukila unavimba tumbo. Wengine walisema ukiingia hutoki, unauzunguka mti mpaka mwenyewe aje asubuhi akufungue. Hakuna aliyewahi kuvimba wala kuzunguka, kwa kuwa hakuna aliyewahi kujaribu. "Ulinzi usiokula wala kubweka," bwana wangu alisema, akimtazama Simba.

Mganga hakumtaka, kwa ubahili. Kago alilitengeneza jikoni kwangu. Chupa ya soda tupu. Maji ya rozela niliyokuwa nimechemsha kwa ajili ya futari, yenye sukari na ndimu, akayachukua bila kuomba. Kitambaa chekundu alikikata kwenye pindo la pazia. Akaongeza gamba la konokono, manyoya ya kuku tuliyemla Jumapili na kifuu alichokichora vistari kwa mkaa. Hakulitundika alfajiri wala usiku wa manane. Alingoja karibu na magharibi, wakati njia imejaa watu wanaokwenda msikitini, akapanda ngazi mbele ya macho yao. Kisha akauzunguka mfenesi polepole, midomo ikichezacheza. Nilikuwa dirishani, nikamsikia: "Saba mara sita, arobaini na mbili. Saba mara saba, arobaini na tisa."

Wizi ulikoma usiku uleule.

Ulikoma na mambo mengine pia. Binti tunayeishi naye, anayenisaidia kazi, aliacha kuingia bustanini. Nilimwonyesha bilauri ya rozela iliyobaki, nikainywa mbele yake, akanitazama kwa huruma. Mama mkwe, ambaye alishuhudia kila kitu kikitiwa ndani ya chupa, naye hakutaka tena kula fenesi la mti ule. Nilipomkumbusha kwamba ile ni rozela alijibu, "Rozela ni rozela ikiwa jikoni. Ikishatundikwa mtini ikasemewa maneno, ni kitu kingine." Nikamwambia maneno yenyewe yalikuwa hesabu za kuzidisha. "Sasa wewe unajua hesabu zinafanya nini?"

Wateja wangu wa mchicha, wale wa fungu moja moja jioni, wakahamia genge la mbali. Mafenesi yakaiva kwa wingi hatujapata kuona, yakapasuka juu ya mti, na usiku wakaja komba, ambao hawana habari na vitambaa vyekundu. Walikula, wakapigana, wakalia juu ya bati mpaka alfajiri. Simba aliwaogopa.

Halafu watu wakaanza kuungama. Nilifungua mlango asubuhi nikakuta panga letu lililopotea mwaka juzi limeegemezwa ukutani. Siku nyingine ilikuwa ndoo. Mzee mmoja mwenye heshima zake alikuja kumsalimu bwana wangu, akazungumza habari za mvua za masika kwa kirefu, na wakati wa kuaga akaacha noti ndani ya kikombe cha kahawa, "ya madafu yale ya zamani." Na jirani yangu, yule wa "Wema hauozi", alikuja usiku amejifunika ushungi, amemshika mtoto mkono.

"Shoga, nifungulie mwanangu. Tumbo limejaa, linauma, hali, halali. Alichuma stafeli, moja tu, na nimeshampiga."

Nilimtambua mtoto. Naye alinitambua, akatazama miguu yake. Asubuhi tulikwenda naye zahanati sote watatu, wakampima choo, wakampa dawa ya minyoo, na baada ya siku chache alikuwa akipiga mpira barabarani. Nilimrudishia kandambili yake. Lakini mtaa haukusema zahanati. Mtaa ulisema bwana wangu amemsamehe, na heshima yake ikapanda kiasi kwamba barazani walimpisha kiti, jambo ambalo hakulipata miaka yote aliyokuwa mtu wa bandari.

Mwenyekiti wa serikali ya mtaa akapata malalamiko. Alikuja na wajumbe wawili, akakataa kuingia uani, akaendesha kikao akiwa amesimama barabarani. Alisema nchi hii ina Sheria ya Uchawi, ipo tangu 1928 wakati wa Mwingereza na haijafutwa, na kwamba sheria hiyo inamkataza mtu kuwa na vifaa vya uchawi na inamkataza hata kujifanya ana uwezo huo. Hiyo sehemu ya pili ndiyo iliyokuwa yetu. Bwana wangu akamwambia, "Mheshimiwa, ile ni sharubati ya rozela." Watu waliokuwa wamekusanyika wakaguna.

Mmoja akasema kwa nyuma, "Basi anywe."

Nilimtazama bwana wangu kwa macho yangu yote. Chupa ile ilikuwa imekaa juani tangu Ramadhani, na sasa tulikuwa tumeshamaliza sita ya Shawali. Ilikuwa na sukari ndani. Ukiitazama kwa karibu ilikuwa ikitoa povu. Lakini alishapanda ngazi. Akaifungua, ikalia mshindo, watu wakarudi nyuma hatua tatu, naye akapiga bismillahi akanywa nusu mbele ya mwenyekiti, wajumbe wote wawili na nusu ya mtaa. Akapangusa mdomo. "Rozela," akasema.

Ilipofika saa mbili usiku hakuweza kusema tena. Choo chetu kiko uani, dirisha lake linatazama barabara, na wale waliokuja kusikia matokeo hawakuhitaji kuingia. Nilimtengenezea maji ya chumvi na sukari, nikampelekea jagi mlangoni. Kutoka upande wa pili wa ukuta nilisikia sauti ya mwanamke ikisema, kwa masikitiko ya kweli, "Kago halimjui mwenyewe."

Sasa likawa limethibitika. Kuteremsha chupa hakukutosha tena. Lilihitaji kuteguliwa na mtu mwenye kazi yake, la sivyo hata msiba ukitokea kwetu nani angekuja kula? Bwana wangu, mwepesi sasa kwa kilo kadhaa, alisema hatalipa hata senti kutegua maji ya matunda. Mama mkwe akafungua fundo la kanga yake akatoa pesa.

Mganga alikuja kwa bodaboda kutoka upande wa Muheza. Nilitegemea mtu wa kutisha. Alikuwa mzee mpole, miwani ya kusomea kifuani, akauliza kwanza kama tuna pahali pa kuchaji simu. Alidai kuku mweusi na elfu hamsini, bwana wangu akabishana naye mpaka kuku akawa wa rangi yoyote. Juu ya ukuta vichwa vya watu vilikuwa vimejipanga katikati ya vigae vya chupa na seng'enge, kila mmoja na gunia lake chini ya kidevu. Kumbe mtaa mzima ulijua namna ya kupita.

Mzee akausogelea mfenesi. Akaitazama chupa, imebaki nusu. Akakishika kitambaa, akaligonga gamba la konokono kwa ukucha, akahesabu vistari vya kifuu. Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ya kufika ukutani, "Hili limefungwa na mtu mwenye mkono mzito."

Nilimwona bwana wangu akiweka sawa kola ya kanzu.

Ubani ukachomwa, maji yakanyunyizwa kwenye shina na kwenye matuta yangu, maneno yakasomwa ambayo sikuyasikia vizuri. Ninachojua hayakuwa hesabu. Mwishoni mganga akachuma mchicha kwa mkono wake, akautafuna mbichi, akatikisa kichwa kuonyesha mambo yamekwisha. Jirani yangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia. Alinunua mafungu mawili na hakuomba nyongeza. Kabla ya magharibi matuta yalikuwa matupu, na binti wetu alikuwa juu ya ngazi akikata mafenesi, mikono imepakwa mafuta mpaka viwikoni.

Tulimfungia mzee fenesi moja kwenye kiroba, bwana wangu akamsindikiza hadi kwenye bodaboda, nami nikafuata na simu yake aliyoisahau kwenye chaji. Dereva alishawasha. Mzee akamshika bwana wangu bega, akamvuta kando.

"Mwenzangu," akasema, "ile rangi umetia nini? Za kwangu zote zinapauka juani."

"Rozela," bwana wangu akamjibu. "Ila usisahau ndimu."

Mzee akavaa miwani, akachukua simu mkononi mwangu, akaanza kuandika.